Sindano Ipi? Mintarafu ya Tafsiri ya Mwongozo Mmoja wa Magari

Miongoni mwa maandishi yaliyoletwa mezani petu robo hii ili yatazamwe lugha yake, umo mwongozo mmoja wa ufundi wa magari uliofasiriwa kutoka Kiingereza. Unaeleza jinsi ya kuichukua injini ya petroli inayolishwa na nozeli zenye kuongozwa na kompyuta, kuiondolea nozeli hizo na kuitia kabureta. Hatutalitaja jina la mfasiri wala mahali alipofanyia kazi yake, maana makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake; tumeyakuta, mengine kwa sura ile ile, katika tafsiri nyingi za ufundi. Isitoshe, mfasiri huyu amefanya kazi kwa bidii. Sarufi yake ni safi, sentensi zake ni fupi, na hakuna aya aliyoiruka. Hiyo ndiyo sababu ya kumkosoa kwa makini. Tafsiri mbovu kabisa hutupwa; hii itatumika, na wako watu watakaoishika mkononi huku mkono wa pili umeshika spana.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Injini yo yote ya petroli huhitaji hewa na petroli kwa kadiri maalumu: ili petroli iungue yote, kilo moja yake huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kabureta huipata kadiri hiyo kwa njia ya kale. Pistoni ikishuka hufyonza hewa. Hewa hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta. Ipitapo hapo mwendo wake huzidi na kanieneo yake hupungua. Na upungufu huo ndio unaoivuta petroli kutoka katika kikombe kilicho ubavuni mwa koo, ikapita katika jeti na kutawanyika hewani. Petroli haisukumwi kooni, huvutwa. Mfumo wa nozeli ni kinyume chake. Pampu ya umeme huisukuma petroli kwa nguvu mpaka kwenye nozeli. Kompyuta huipima hewa inayoingia na joto la injini, kisha huamuru kila nozeli ifunguke kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde, ikafungwa tena.

Mfumo huu wa pili si wa jana. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutoa wake wa umeme mwaka 1967, ukafungwa katika Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani. Waliuita D-Jetronic, na herufi D ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya kanieneo, kwa kuwa ulikadiria petroli kwa kuipima kanieneo ndani ya manifoldi. Uliofuata uliitwa L-Jetronic, L ikiwa ni ya neno la hewa, maana huo uliipima hewa yenyewe. Toyota nao wana desturi ya kuongeza herufi E mwishoni mwa jina la injini yenye nozeli za umeme. Kwa mfano, 22R, ambayo wenye Hilux wanaijua vizuri, ina kabureta. Nduguye 22R-E ana nozeli. Ukubwa wao ni mmoja, sentimita za ujazo 2,366, silinda za milimita 92 na mwendo wa pistoni milimita 89. Hivyo mtu anayeiondolea 22R-E nozeli zake na kuitia kabureta huwa, kwa namna fulani, anairudisha nyuma kwa herufi moja.

Wanaofanya hivyo wana sababu zao. Kompyuta imekufa na nyingine haipatikani, au inapatikana kwa bei ya nusu ya gari, nozeli zimeziba, kifaa cha kuusomea mfumo hakipo karibu. Kabureta hufunguliwa kwa bisibisi, ikaoshwa kwa petroli ndani ya karai, ikarudishwa. Kama ni busara au si busara, na kama gari litakula petroli zaidi (aghalabu litakula zaidi), si kazi ya jarida hili. Kazi yetu ni maneno.

Tuanze na neno lililotupa taabu zaidi. Mfasiri ameiita nozeli "sindano", na mfumo mzima ameuita "mfumo wa kudunga mafuta". Alikolitoa kunaonekana wazi: katika Kiingereza neno moja hutumika hospitalini na katika injini, naye akachukua tafsiri ya hospitalini akaihamishia gerejini. Lakini sindano katika Kiswahili haikuwa imekaa bure ikingoja kazi. Iko sindano ya kushonea, iko ya daktari, uko mchele wa sindano. Na gerejini iko sindano nyingine kabisa, ambayo mafundi wameiita hivyo kwa muda mrefu na kwa haki, maana umbo lake ni la sindano kweli. Nayo ni ile iliyomo ndani ya kabureta, juu ya boya. Petroli ikijaa kikombeni boya hupanda na kuisukuma sindano izibe tundu la kuingilia. Petroli ikipungua boya hushuka na sindano hufungua. Mwenye tangi la maji nyumbani anakijua kifaa cha namna hiyo.

Basi katika sura ya pili mwongozo unaamuru kuondoa "sindano zote nne" na kuziba mahali zilipokuwa. Katika sura ya tano, kabureta ikisha kufungwa, mwongozo unaamuru kuhakikisha kwamba "sindano" inakaa sawasawa na haivujishi. Neno ni lile lile, pasipo sifa wala maelezo ya kuvitenganisha vitu viwili.

Tulitaka kujua kama wasiwasi wetu ni wa wasomi tu, watu wanaoona shimo mahali ambapo wengine wanapita salama. Tukaenda gereji moja isiyo mbali na ofisi, tukamsomea fundi mmoja mtu mzima aya ile ya sura ya tano bila kumwonyesha michoro. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sindano ipi, mwanangu? Ya kwenye kikombe, au zile mlizokwisha kuzitoa?" Tukamwambia hatujui, kitabu hakisemi. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa amekwisha kuamua: sindano zimetolewa katika sura ya pili, kwa hiyo aya hiyo haina kazi tena, mtu aivuke.

Jibu la mzee lilitufurahisha kwa kuwa lilionyesha kwamba tuna haki. Jibu la kijana ndilo lililotutia hofu. Pampu ya mfumo wa nozeli husukuma petroli kwa kanieneo ya kilopaskali 250 hivi, zaidi au pungufu kufuatana na injini. Kabureta huhitaji kilopaskali 20 mpaka 35 tu. Sindano ndogo ya kabureta haiwezi kuizuia pampu ya kwanza. Petroli hufurika kikombeni, ikamwagika juu ya manifoldi ya moto. Ndiyo maana kazi hii haikamiliki bila kuiondoa pampu ya zamani, au kuinyima umeme, na kufunga nyingine ya nguvu ndogo. Na hata pampu ikiwa sahihi, sindano iliyochakaa au yenye uchafu huvujisha. Aya ambayo kijana yule aliivuka ndiyo iliyokuwa ikimlinda asiunguze gari.

Tukitoka katika sindano tunaingia katika "kudunga", na hapa mfasiri amekosea kwa namna nyingine. Kudunga ni kutoboa kwa kitu chenye ncha: mwiba hudunga, nyuki hudunga, daktari hudunga. Penye kudunga pana ngozi au kitambaa kinachopenywa. Nozeli haitoboi kitu. Hukaa katika tundu lake tangu kiwandani, ikatoa petroli mbele yake. Wako waliopendekeza "kunyunyiza", lakini kunyunyiza ni kutawanya matone kwa mkono wala hakubebi dhana ya nguvu iliyo nyuma yake. Wako waliopendekeza "kupuliza". Neno hili li karibu zaidi, kwa vile twasema kupuliza manukato na kupulizia mbu dawa. Ubaya wake ni kwamba linaifaa kabureta vile vile, ambayo nayo hutawanya petroli katika mkondo wa hewa, na kazi ya istilahi ni kutenga mambo mawili, wala si kuyakumbatia yote mawili.

Rai yetu ni kuacha kukitafuta kitenzi. Mafundi wa dizeli wamekuwa na "nozeli" miaka mingi, na kitu chenyewe hakina tofauti ya msingi: ni mdomo mdogo wa chuma unaotoa mafuta kwa nguvu ya pampu. Tuseme "mfumo wa nozeli" na "mfumo wa kabureta". Majina hayo mawili yanalingana, kila moja limetokana na kifaa unachoweza kukishika, wala hayamlazimishi msomaji kuifikiria sindano wakati ambapo sindano ya kweli iko ndani ya kikombe. Atakayesema kwamba nozeli ni za dizeli tumjibu kwamba aongeze neno moja, "injini ya petroli yenye nozeli", na shaka yote itaondoka. Mijini watu wengi hutaja tu herufi tatu za Kiingereza zilizoandikwa juu ya mfuniko wa injini. Hatuwazuii, ila herufi hazinyambuliki wala hazimwelezi mwanafunzi cho chote.

Kinyume chake, mfasiri aliikwepa "kabureta" akaiita "kichanganyio", na hapo tunadhani alijitaabisha bure. Kwanza, mifumo yote miwili huchanganya hewa na petroli. Tofauti yao ni namna na mahali pa kuchanganya. Pili, kichanganyio kwa msomaji wa kawaida ni mashine ya zege, au ile ya jikoni ya maji ya matunda. Yamkini alidhani kwamba neno la kigeni lina maana ya ndani ambayo msomaji wetu ananyimwa. Kumbe hata wenyewe hawana. Wajerumani huiita kabureta kwa neno lenye maana ya kifanya-gesi, ingawa petroli inayotoka humo ni matone na mvuke. Waingereza na Wafaransa huiita kwa neno lililotokana na kaboni, na dereva wao haifikirii kaboni hata siku moja. Kabureta imekwisha kuingia katika vinywa vya watu kama breki, klachi, plagi na gia. Kulitoa neno lililokwisha kukaa ili kuliweka la mezani ni jambo ambalo sisi wa istilahi tumelifanya mara kadhaa, na matokeo yake tunayajua. Wazee wa kazi hii wanaikumbuka "ngamizi", na leo kila mtu anasema kompyuta, isipokuwa wenzetu wa Kenya ambao wengine wao huandika tarakilishi.

Neno la tatu ni "mgandamizo". Mwongozo unalitumia kwa nguvu ya petroli inayotoka katika pampu, na unalitumia tena kwa kule kubanwa kwa hewa na petroli ndani ya silinda pistoni inapopanda. Hivi ni vitu viwili, na vipimo vyake havikaribiani hata kidogo. Cha kwanza, baada ya kabureta kufungwa, ni kilopaskali 35 au pungufu. Cha pili, katika injini nzima, hupita kilopaskali 1,000. Mwongozo ukisema tu "pima mgandamizo", fundi achukue kipimo kipi, na akifunge wapi? Walimu wa fizikia wana neno "kanieneo", lililojengwa kwa kani na eneo, ambalo ni sahihi na halina mshindani darasani. Gerejini watu husema "presha", na hatuoni dhambi mwongozo wa mafundi ukiitumia, mradi iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kile cha silinda tunapendekeza "mbano", na kutoka hapo "uwiano wa mbano".

Kuhusu "mafuta" tutasema kwa ufupi, kwa sababu limekwisha kusemwa. Katika injini mna petroli na mna oili, na zote mbili ni mafuta, kama yalivyo ya taa, ya nazi na ya nywele. Mwongozo unaposema "mwaga mafuta yote kabla ya kuanza" hausemi yapi. Iandikwe petroli, iandikwe oili.

Kichwa cha mwongozo nacho kina kasoro, tena ya hatari kwa watumishi wa ofisi kuliko kwa mafundi. Kinasema "Kubadili Injini kutoka Kudunga kwenda Kichanganyio". Kubadili injini, kwa mazungumzo ya watu na kwa hati, ni kuitoa injini moja na kuweka nyingine. Injini nyingine ina namba nyingine, na namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Mtumishi akiandika katika agizo la kazi kwamba gari la idara "limebadiliwa injini", ilhali limefungwa kabureta tu, atakuwa amezua hoja ya mkaguzi ambayo haitajibiwa kwa siku moja. Na huko "kutoka... kwenda" ni safari ya basi. Kiswahili kina viambishi vyake vya kuimaliza kazi hii pasipo msaada: kuiondolea injini nozeli na kuitia kabureta. Kila mtu ataelewa ni nini kimetoka, nini kimeingia, na kwamba injini ni ile ile.

Sasa tuje kwenye "mchanganyiko tajiri" na "mchanganyiko mwembamba". Tulipoyasoma haya tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba tumeyaona hata katika mitihani. Utajiri huo ni wa Kiingereza, ambacho husema hivyo hata juu ya udongo na keki. Kwetu uji una uzito na wepesi, chai ina ukolevu, na mchuzi ukizidi maji tunasema umezidi maji. Fundi akiona moshi mweusi husema "petroli imezidi". Injini ikikohoa na kupata joto husema "hewa imezidi". Semi hizi mbili ni istilahi kamili kwa sababu zinataja kilichozidi, na aliyeambiwa anajua upande wa kuigeuzia skrubu. Jambo hili si dogo kwa nchi zetu zenye milima. Kabureta iliyopimwa Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ikipandishwa mpaka Mbeya au Nairobi, kwenye meta 1,700 hivi, hukuta hewa hafifu zaidi. Jeti ni ile ile, kwa hiyo petroli huzidi. Mfumo wa nozeli hujirekebisha wenyewe, kabureta za kawaida haziwezi. Mwongozo umelieleza jambo hili kwa aya nzuri, mojawapo ya aya bora zilizomo, ila utajiri ule umeifanya isomeke kama habari za uchumi.

Kosa jingine ni la kuchekesha na la kufundisha. Manifoldi ikipasuka, au mpira mdogo ukichomoka, hewa huingia pasipo njia yake na injini hutetemeka. Mfasiri ameandika "uvujaji wa ombwe". Ombwe ni mahali pasipo kitu. Pasipo kitu patavuja nini? Kinachotokea ni hewa ya nje kuingia ndani. Ukweli ni kwamba Kiingereza chenyewe ndicho kilichokosea kwanza, naye akakosea nyuma yake kwa uaminifu. Hapa ndipo penye tofauti ya kufasiri maneno na kufasiri jambo: aliyewahi kutia sikio karibu na mpira uliopasuka akausikia ukivuta pumzi hangeandika uvujaji. "Hewa kupenya" inatosha.

Limebaki neno moja ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole bila kukanyagwa, mwongozo unaita mwendo huo "kasi ya uvivu", jambo ambalo fundi ye yote atalikataa, maana injini isiyo na kasoro hapo haifanyi uvivu. Mafundi wengine husema "silo", wengine husema "sailensi", na hili la pili limekaribiana mno na "silensa" ya bomba la moshi. Tumewasikia watu wawili wakibishana robo saa, mmoja akizungumzia bomba na mwenzake akizungumzia skrubu ya kabureta. Mzee wa gereji tuliyemtaja alipoulizwa alisema kwamba injini hapo "inahema tu". Tumelifikiria "hema", na tunaliogopa kidogo, kwa kuwa kuhema ni kwa mtu aliyechoka. Tumelifikiria pia "pumua". Walio na neno la kwao, la gereji za Tanga, Mombasa, Kigoma au Zanzibar, tunawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo, wakitaja na mahali linapotumika.

Walimu ambao mwongozo huu umekwisha kuwafikia wasingoje chapa ya pili. Wachukue kalamu: katika sura ya kwanza mpaka ya nne, kila penye "sindano" waandike "nozeli", katika sura ya tano waliache neno kama lilivyo, na kando yake waongeze "ya kabureta".